Jinsi ya kukusanya pini na beji za wanawake wa jeshini enzi za vita kuu bila kupigwa

Watu wakisikia mtu anakusanya vitu vya vita wanawaza bayoneti, helmeti na medali za wanaume, kwahiyo beji za wanawake zimebaki huko chini kwenye maboksi ya wauzaji, lile boksi la "chochote humu bei moja". Na mimi huko ndo napapenda. Ni vitu vidogo vinaingia mfukoni, havitaki chumba kizima, na kila kimoja kilivaliwa na mwanamke aliyekuwa kazini kweli, mwingine aliendesha lori la jeshi, mwingine alikaa kwenye rada usiku kucha, mwingine alijaza makombora baruti mpaka ngozi ikabadilika rangi.

Naishi Birmingham, mji uliotengeneza beji za jeshi la Uingereza kwa mamilioni, na mwongozo huu nauandika kwa mtu anayeanza na hana hela ya kuchezea. Nitaongelea Uingereza na Marekani, vita vya kwanza na vya pili, maana huko vitu ni vingi na makaratasi yapo.

Hatua ya 1: chagua kona yako kabla hujatoa hela

Kosa la wengi ni kununua kila kinachong'aa. Baada ya mwaka una sahani imejaa mchanganyiko na hujui hata kimoja vizuri. Chagua kikosi kimoja, au vita kimoja, au kazi moja kama unesi, ukijue mpaka mgongo wake.

Kwa anayeanza nashauri ATS ya Uingereza, jeshi saidizi la wanawake lililoanzishwa Septemba 1938. Mwaka 1943 walikuwa zaidi ya laki mbili, kwahiyo beji zao zipo nyingi na ukikosea hujaumia sana. Malkia Elizabeth mwenyewe, akiwa bado binti wa mfalme, aliingia ATS Februari 1945 akajifunza udereva na ufundi wa magari. Ukitaka anga kuna WAAF ya Juni 1939, ukitaka wanamaji kuna WRNS iliyoanzishwa 1917, ikavunjwa 1919, ikarudishwa 1939. Manesi wa jeshi ni QAIMNS. Wafanyakazi wa mashambani ni Women's Land Army, beji yao ina mganda wa ngano katikati na enameli ya kijani, nzuri sana hiyo.

Wapo watakaouliza sasa sisi inatuhusu nini. Kwa mtu wa Mombasa inamhusu sana. Mwaka 1942 Waingereza walihamishia Kilindini kituo chao cha kuvunja siri za mawasiliano ya Wajapani, kikakaa kwenye jengo la shule ya Alidina, na wasichana wa WRNS walifanya kazi hapo. Halafu tarehe 5 Februari 1944 meli Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini kwenda Colombo imebeba askari wa mizinga wa Afrika Mashariki wa rejimenti ya 301, mabaharia, manesi, wasichana wa WRNS na wanawake wa kikosi cha Women's Territorial Service cha hukuhuku Afrika Mashariki, na tarehe 12 manowari ya Kijapani I-27 ikaipiga karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297, na 77 kati yao walikuwa wanawake. Hakuna tukio lingine moja lililoua wanajeshi wanawake wengi namna hiyo katika historia ya nchi za Jumuiya ya Madola. Mtu akiamua kukusanya beji za vikosi vilivyokuwemo kwenye ile meli, hiyo ni kona nzuri na ina maana kwa watu wa pwani. Ila muuzaji akikwambia hii ilikuwa ya nesi wa Khedive Ismail na hana karatasi hata moja, lipia bei ya beji ya kawaida, hiyo hadithi yake usiilipie hata senti.

Hatua ya 2: jua unachoshika ni cha aina gani

Hapa ndo pesa za watu wengi zinapopotelea. Vitu vinavyouzwa kama "pini ya mwanamke wa jeshini" ni vya makundi manne na bei zake hazifanani hata kidogo.

La kwanza ni beji iliyotolewa na jeshi au serikali, askari alipewa stoo kama alivyopewa viatu. Hii ndo tunayoitafuta. La pili ni ile askari aliyojinunulia mwenyewe dukani, mara nyingi maofisa, imetengenezwa kwa fedha au dhahabu ya kupaka na ni nzuri kuliko ya stoo. Hiyo nayo ni halali kabisa.

La tatu ni beji za wapenzi, Waingereza wanaziita sweetheart. Askari mwanaume alimnunulia mke, mchumba au mama yake pini ndogo yenye alama ya kikosi chake. Ni ya vita kweli, ilivaliwa na mwanamke kweli, lakini huyo mwanamke hakuwa jeshini. Wauzaji wanachanganya hapa makusudi. Ukiona pini ndogo ya mbawa za marubani imewekwa kwenye ganda la lulu au ina vijiwe vya kumetameta, hiyo ni zawadi ya mapenzi, sio kifaa cha jeshi. Kuna watu wanakusanya hizo tu na wanafurahi, sawa, lakini usilipie moja ukidhani ni nyingine.

La nne ni kumbukumbu zilizotengenezwa baadaye. Mfano, serikali ya Uingereza mwaka 2008 iliwatolea beji mpya akina mama waliokuwa hai bado kutoka Land Army na wale wa kukata miti. Ni beji ya heshima na ya serikali, ila ya wakati wa vita sio, imetoka zaidi ya miaka 60 baadaye, na ukiikuta mnadani imeandikwa tu "Land Army badge" usirukie.

Zipo pia beji za ndugu, na hizi zinachanganya maana serikali ndo ilizitoa. Australia walikuwa na beji ya ndugu wa kike wa askari, vita vyote viwili. Marekani walianzisha 1947 ile ya nyota ya dhahabu juu ya zambarau, kwa familia zilizofiwa. Hii mimi siinunui. Sio sheria, ni mimi tu, mama alipewa kwa sababu mwanae hakurudi na siwezi kuiweka kwenye albamu nikamwonyesha mgeni.

Hatua ya 3: vifaa

Lensi ya sonara inayokuza mara 10, sumaku ndogo, mizani ya kupimia dhahabu ile ya bei rahisi, tochi ya simu. Basi. Sumaku ni kwa ajili ya kukamata chuma kilichopakwa rangi ya shaba, maana shaba na fedha havivutwi. Ila angalia usijichanganye, sindano ya nyuma ya pini nyingi za zamani ni chuma, kwahiyo sumaku ikivuta sindano tu na mwili wa beji haushtuki, hapo hakuna tatizo.

Hatua ya 4: geuza mgongo

Ukipewa beji mkononi usihangaike na uso. Uso mwigaji ameushughulikia wiki nzima, mgongo ndo anaharakisha. Na kama ni mtandaoni na muuzaji hajaweka picha ya nyuma, muombe, akikataa au akileta stori nyingi achana naye.

Tuchukue beji ya kofia ya ATS. Mbele kuna shada la majani, taji juu, herufi ATS katikati. Ya shaba ukiigeuza utakuta umbo la mbele linaonekana kwa nyuma likiwa limezama, yaani palipoinuka mbele pamebonyea nyuma, kwa sababu ilipigwa kwenye bamba kwa mashine. Halafu kuna kile kipande kirefu bapa kilichosimama wima, kimeungwa kwa risasi ya kulehemu, kinachochomekwa kwenye kofia. Angalia pale kilipoungwa. Kwenye ya kweli muungo ni msafi, umezeeka rangi pamoja na beji yenyewe. Kwenye kopi utaona risasi imevimba inang'aa, na kile kipande kimenyooka safi wakati eti kimevaliwa miaka mitano. Ya kweli mara nyingi imepinda kidogo au kingo zake zimelainika kwa kuchomekwa na kuchomolewa.

Weka lensi kwenye matundu kati ya majani. Kama beji ilimiminwa kwenye mchanga au kwenye raba badala ya kupigwa na mashine, utaona vishimo vidogovidogo kama vya maandazi, na kingo za matundu zina alama za tupa. Hiyo rudisha. Pia uzito, kopi za kumiminwa huwa nene na nzito kuliko inavyotakiwa, ndo maana nimesema ukae na kikosi kimoja, ukishashika ATS kadhaa za kweli mkono wenyewe unakuambia.

Sasa kuna ATS ya plastiki. Watu wanaitupa wakidhani ni mchezo wa watoto, kumbe ni ya vita yenyewe. Katikati ya vita chuma na shaba vilikuwa vinatakiwa kwenye silaha, kwahiyo beji za vikosi vingi zilitengenezwa kwa plastiki ya kahawia. Nyuma zina vipande viwili vya bati vya kukunja, na zingine zina jina la mtengenezaji, mfano A. Stanley & Sons Walsall. Vile vibati vikikunjwa mara nyingi vinakatika, kwahiyo yenye vibati vyote viwili bado vizima inathamani zaidi kuliko ya shaba ya kawaida. Usivinyooshe kujaribu! Viache vilivyo.

Kitu kingine kizuri cha mgongoni ni kwamba saa nyingine ndo unaokwambia mvaaji alikuwa mwanamke. Chukua beji ya fedha ya ARP, wale wa kujihami na mashambulizi ya ndege kabla na mwanzoni mwa vita vya pili. Uso ni uleule, taji na herufi tatu, ila ya mwanaume nyuma ina kifungo chenye umbo la mwezi mchanga cha kuingiza kwenye tundu la kola ya koti, ya mwanamke ina sindano ya kubana, kwa sababu nguo yake haikuwa na hilo tundu. Wauzaji wengi hawajali tofauti hiyo, wanaziweka pamoja bei moja. Marekani nao ile beji ya kumaliza utumishi kwa heshima, tai ndani ya duara ambayo askari waliibatiza jina la bata aliyepasuka, ya wanaume ina kifungo cha kola na ya wanawake inakuja na pini. Hii nayo ilitoka kwa plastiki kipindi metali ilipokuwa adimu, na aliyepewa ya plastiki aliruhusiwa kuja kubadilisha achukue ya metali baadaye.

Kwa fedha ya Uingereza tafuta chapa za sonara. Ni tatu au nne zimejipanga, ndogo mno, lensi lazima. Simba anayetembea maana yake fedha halisi, kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, na herufi moja ndo mwaka. Kwa London herufi ilianza upya na A mwaka 1936, kwahiyo C ni 1938 na D ni 1939. Ukiona chapa imechorwa kwa mkono au imejaa ukungu wakati sehemu nyingine za beji zina makali, mtu amechukua umbo la beji ya kweli akamimina kopi, ikatoka na chapa yake humohumo.

Hatua ya 5: soma taji

Kwenye beji za Uingereza taji ndo kalenda. Kuanzia mwanzo wa karne ya 20 mpaka alipofariki mfalme George VI mwaka 1952, taji lilikuwa lile la juu mviringo, limejaa kama kuba la msikiti. Alipokuja malkia Elizabeth likabadilishwa, likawa na mabega mawili yaliyoinuka na katikati limebonyea.

Sasa piga hesabu. ATS ilikufa Februari 1949 ikawa WRAC. WAAF nayo mwezi huohuo ikawa WRAF. Maana yake beji ya ATS au WAAF yenye taji la malkia haiwezekani kuwa ya kweli, haipo, hata muuzaji aape. Hiyo ni beji ya maigizo au ya mtu aliyetengeneza bila kusoma historia. Bado naziona zinauzwa na watu wanapandisha dau.

Kuwa makini na upande wa pili pia, taji la mviringo peke yake halitoshi kuthibitisha umri. Mfalme Charles alipoingia 2022 alichagua taji la umbo lilelile la zamani, kwahiyo beji mpya za majeshi ya leo zinafanana na za babu yake ukiangalia harakaharaka.

WRNS na WRAF majina yalirudiwa, hapo usitegemee jina. Kulikuwa na WRAF ya 1918 hadi 1920 halafu nyingine ya 1949 kuendelea, ya kwanza ni adimu na ina hela, ya pili zimejaa. Usimlipe mtu bei ya 1918 kwa beji ya 1960.

Hatua ya 6: Marekani wana mitego yao

Wamarekani hawana taji. Beji ya kikosi chao kikuu cha wanawake, WAC, ni kichwa cha mungu wa Kigiriki Pallas Athene mwenye helmeti. Ya ofisa ni kichwa chenyewe kimekatwa, ya askari wa kawaida kimewekwa juu ya kisahani cha shaba. Kikosi kilianza Mei 1942 kikiitwa WAAC, kikawa WAC mwaka 1943, na wanawake kama 150,000 walipitia humo mpaka vita vinaisha.

Mtego ni kwamba WAC haikuvunjwa vita vilipoisha, iliendelea mpaka 1978. Miaka yote hiyo walikuwa wanatengeneza Athene. Muuzaji anakuambia Athene ya vita vya pili na wewe unashika ya 1968. Geuza. Za wakati wa vita zina jina la kampuni, kama Meyer, Gaunt au Luxenberg, saa nyingine na neno Sterling kama ni fedha, au hazina kitu. Ukikuta kialama kifupi cha namba na herufi, mfano 22M, huo ni utaratibu wa serikali yao uliokuja baada ya vita, miaka ya 50 na kuendelea. Haina maana ni feki, ni halali, ila umri wake sio huo unaolipishwa.

Medali yao ya WAC ilianzishwa Julai 1943, utepe wa kijani na dhahabu, uso ni Athene juu ya upanga. Hii nunua bila hofu kubwa, zilitolewa nyingi.

Mbawa za WASP ndo sumu. Hawa walikuwa marubani wanawake waliofundishwa Sweetwater, Texas, wakawa wanasafirisha ndege za jeshi ndani ya Marekani, waliohitimu 1,074, waliokufa kazini 38, kikosi kikavunjwa Desemba 1944. Na jeshi halikuwahesabu kama wanajeshi mpaka 1977! Madarasa ya mwanzo walipata mbawa zenye ngao katikati, baadaye ikaja ya umbo la almasi. Sasa fikiria wahitimu elfu moja na kitu tu, halafu mnadani kila wiki kuna mbawa. Hesabu haikubali. Kama hazijaja na makaratasi ya mhitimu mwenyewe au kutoka kwa familia yake moja kwa moja, ziangalie kwenye picha inatosha.

Wale wanawake weusi wa batalioni ya 6888, watu 855 chini ya meja Charity Adams, waliokuja hapa Birmingham mwanzoni mwa 1945 kuchambua mlima wa barua za askari, hawakuwa na beji ya peke yao. Walivaa Athene hiyohiyo ya WAC. Tangu bunge la Marekani liwapitishie medali ya dhahabu 2022 nimeanza kuona "pini ya 6888" zikiuzwa. Hakuna kitu kama hicho kilichotolewa wakati wa vita.

Hatua ya 7: wapi pa kununua na uulize nini

Kama uko Uingereza, masoko ya Jumapili ya watu wanaouza nje ya magari yao, maduka ya hisani, maonyesho ya vitu vya kale na minada ya mitaa. Minada ya mitaa ni mizuri kwa sababu vitu vinatoka nyumbani kwa marehemu moja kwa moja, mara nyingi boksi zima: beji, picha, kitabu cha malipo, barua. Boksi hilo lina thamani kuliko beji yoyote moja humo ndani na wauzaji wa reja reja wakilipata wanalipasua, beji huku picha kule. Ukiweza linunue zima.

Kama uko Dar, Nairobi au Muscat basi ni mtandaoni. Andika jina la kikosi kwa herufi zake, ATS, WAAF, WRNS, QAIMNS, WVS (wale wanawake wa kujitolea), na usiishie kwenye vitu vinavyouzwa sasa hivi, nenda kwenye vilivyokwisha kuuzwa uone watu walilipa kweli shilingi ngapi, maana bei aliyoandika muuzaji ni ndoto yake.

Muulize maswali haya kabla ya kulipa: imetoka wapi, unaweza kuniwekea picha ya nyuma mchana bila mwanga wa taa, kuna karatasi lolote lililokuja nayo, sindano ni yake au imebadilishwa, na kama haiko ulivyosema narudisha? Jibu la "imetoka kwenye mkusanyiko wa zamani" halina kitu ndani yake.

Hatua ya 8: mtafute mwenye beji

Kazi ngumu na tamu iko hapa. Beji nyingi hazina jina, ila zipo zinazoongea.

Ile beji ya fedha ya vita vya kwanza, Silver War Badge, iliyoanza kutolewa Septemba 1916 kwa waliotolewa jeshini kwa majeraha au ugonjwa, ina namba nyuma. Wengi ni wanaume lakini manesi na wanawake wa WAAC ya Uingereza ya vita vya kwanza (sio ile ya Marekani) nao walipewa. Orodha zake zipo National Archives pale Kew na zimeingizwa mtandaoni, unaandika namba anatoka mtu. Kwahiyo mimi nikikuta beji hizo mezani, napiga picha namba zote, nakaa pembeni nazitafuta kwa simu kabla ya kununua hata moja. Akitokea mwanamke narudi haraka, na sicheki usoni.

Beji za ustadi za British Red Cross nazo mara nyingi zina namba na jina vimechongwa nyuma. Kadi zaidi ya 90,000 za wasaidizi wa VAD, yaani wa kujitolea kuuguza majeruhi, wa vita vya kwanza zimewekwa mtandaoni bure, Agatha Christie, yule mwandishi wa riwaya, naye alikuwa VAD huko Torquay. Pini ya nesi wa Red Cross ya Marekani ina namba pia.

Ile beji ya shaba ya pembetatu iliyoandikwa ON WAR SERVICE 1916, ya wanawake wa viwanda vya silaha, hiyo jina hutalipata kirahisi, inunue kwa uzuri wake.

Kwa vita vya pili Waingereza walitoa medali bila majina, kwahiyo karatasi ndo kila kitu. Namba ya askari wa ATS kwenye makaratasi inaanza na W, ukiiona hiyo kwenye kitabu cha malipo umepata mlango. Mafaili yenyewe tangu 2022 yamekuwa yakihamishwa toka wizara ya ulinzi kwenda National Archives. Marekani kuna tatizo la moto wa St. Louis wa Julai 1973, uliteketeza kama asilimia 80 ya mafaili ya jeshi la nchi kavu ya waliotoka kati ya 1912 na 1960, WAC wakiwemo humo. Ya wanamaji hayakuguswa, kwahiyo mwanamke wa WAVES, kikosi cha wanawake wa wanamaji, unaweza kumpata pale ambapo wa WAC hapatikani tena.

Waliokufa tafuta tovuti ya Commonwealth War Graves Commission. Hata wale wa Khedive Ismail wamo humo kwa majina.

Kila unachopata andika. Daftari moja: tarehe ya kununua, kwa nani, bei, picha mbele na nyuma, alichosema muuzaji, na wewe umethibitisha nini. Hivyo viwili vya mwisho usivichanganye, tumia rangi mbili za kalamu.

Hatua ya 9: usisugue

Brasso weka mbali. Ule weusi na ukahawia juu ya beji umechukua miaka 80 kukaa hapo na ndo uthibitisho wa umri, ukiusugua umetoa thamani na umelainisha alama. Vumbi toa kwa brashi laini kavu. Ukiona ukungu wa kijani kwenye shaba, kijiti cha meno cha mti na mafuta kidogo ya madini, taratibu, siku mbili tatu, hauhitaji nguvu. Enameli usiichovye kwenye maji ya moto, inapasuka. Plastiki usiipake kemikali yoyote.

Watu wa Tanga, Mombasa, Zanzibar mna kazi ya ziada, hewa ya chumvi na joto vinakula metali. Tumia maboksi ya plastiki yasiyo na harufu yenye mfuniko unaobana, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ila vikishalowa havifanyi kazi tena, vibadilishe. Mifuko ya plastiki laini inayonata ya PVC inaharibu shaba, achana nayo. Mpira wa kufungia pesa usiguse fedha hata kidogo, utakuta mstari mweusi hautoki. Na kabati la mbao mbichi ya mwaloni linatoa asidi.

Hatua ya 10: mzigo na forodha

Mwambie muuzaji aandike ukweli kwenye karatasi ya forodha: beji ya kale ya mkusanyaji, na bei uliyolipa. Wauzaji wengine wanajidai kukusaidia wanaandika "zawadi" na bei ndogo, na mzigo ukipotea unafidiwa hiyohiyo bei ndogo. Wasiandike neno la silaha au military peke yake, ofisa wa posta akiona hivyo anafungua anaanza maswali na kifurushi kinakaa wiki. Beba risiti yako ukienda kuchukua. Mwambie pia sindano ifungwe na beji izungushiwe karatasi laini isiyo na tindikali kabla ya kuingia kwenye boksi gumu, maana bahasha ya kawaida ikipita kwenye mashine ya kupanga barua inatoka na tundu, na mara nyingi beji imeshatoka yenyewe. Lipia usafirishaji wenye namba ya kufuatilia hata kama unazidi bei ya beji, na ukinunua vitatu kwa mtu mmoja muombe avitume pamoja.